Dumu la Mawese Mikononi mwa Mtani

Imekuwa ikisemwa mjini Kigoma, hasa na watu ambao hawakuwapo, kwamba nyumba ya wageni ya serikali, ile iliyo juu ya kilima inayotazama bandari, iliokolewa na wakimbizi. Wengine husema iliokolewa na wazungu. Yuko hata mstaafu mwenzangu, ambaye kwa heshima simtaji, anayedai kwenye vikao vya harusi kwamba aliiokoa yeye, kwa sababu aliwahi kupita pale kukagua mabomba. Nimenyamaza kwa muda mrefu nikiamini kwamba ukweli hauhitaji wakili. Sasa naona ukweli umeachwa umesimama barazani bila kiti, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa nyumba hiyo katika miaka inayozungumzwa, ni wajibu wangu kuuketisha.

Miaka hiyo ilikuwa ya wakimbizi. Mashua zilivuka ziwa kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo, zikiwa zimesheheni watu, vyungu, magodoro na mbuzi waliotapika njia nzima. Kambi zilifunguliwa, na nyuma ya kambi yakaja mashirika ya misaada, na nyuma ya mashirika yakaja magari meupe yenye antena ndefu kama fimbo za kuvulia samaki. Mji ukajaa. Kila mwenye chumba cha ziada alikipangisha, na asiyekuwa nacho alikitengeneza. Namfahamu mwalimu aliyehamishia familia yake jikoni ili sebuleni kwake akae daktari wa misaada. Kule Buzebazeba mama mmoja aliongeza vyumba vya mabati nyuma ya nyumba yake, choo kikiwa nje na maji yakiwa ya ndoo, na wageni walimpangia foleni.

Sisi tulikuwa na kuta za mawe, vyandarua visivyo na matundu, na veranda ambayo ukikaa asubuhi unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Na tulikuwa na vyumba vitupu. Mgeni alikuja, akalala, akaamka, akanywa chai, akasema, "Asante sana, chakula kizuri," kisha akabeba begi lake akahamia Buzebazeba.

Ndipo Makao Makuu walipoleta barua. Iwapo nyumba haitapata mpangaji wa kudumu kabla ya mvua, ilisema, itakodishwa kwa mfanyabiashara wa dagaa aigeuze ghala, na watumishi watarejeshwa makwao kwa utaratibu utakaotangazwa. Namwomba msomaji atafakari. Vyumba vilivyolaza mawaziri, na mara moja jaji, vilazwe dagaa. Lakini dagaa hawakuwa uchungu wangu mkubwa. Mhudumu wetu wa meza alikuwa mama wa familia iliyotoka Burundi zamani na kuhamia Kigoma kwa kudumu, na mwaka ule jamaa zake wengine walikuwa wameingia kwa mashua wakiwa na nguo walizovaa tu. Mezani kwake nyumbani walikula watu wengi kuliko mezani kwetu hotelini. Barua nilipoisoma mbele ya watumishi, yeye peke yake hakuuliza swali. Alisema tu, "Ego," ambayo kwao ni ndiyo, akarudi kupanga vijiko.

Sababu ya wageni kukimbia ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa mawese.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mpare wa Same, nililetwa Kigoma na barua ya uhamisho, lakini nakiri mbele ya yeyote kwamba mgebuka, samaki wa ziwa letu, uliopikwa kwa mawese, ukaletwa na ugali wa muhogo, ni chakula ambacho hata jaji yule aliomba aongezewe. Tatizo ni kwamba mpishi wetu hakuishia kwenye mgebuka. Alikaanga mayai kwa mawese. Chapati za maji alizipika kwa mawese. Uji wa ulezi aliutia kijiko cha mawese juu, "kuupa afya," na uji ule ulifika mezani ukiwa na duara la dhahabu kama jicho la samaki linalokutazama. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam kwa treni, tumbo likiwa limechoka, aliona mayai yenye rangi ya matofali na akakumbuka kwamba ana binamu Buzebazeba.

Mpishi alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa Ujiji. Babu yake alifika na misafara ya biashara, akaoa, akabaki. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote kwa umri, na alikuwapo jikoni kabla ya wasimamizi wote waliowahi kutumwa pale. Nilijaribu kumshauri kwamba tumwulize mgeni anapenda nini. Alinitazama kwa huruma.

"Mgeni haulizwi," alisema. "Ukimwuliza mgeni atakula nini, umemwambia arudi kwao."

Kuhusu mawese nilichukua hatua za kiutawala mapema. Nilitoa waraka wenye kichwa "Matumizi ya Mafuta ya Kupikia", nikauelekeza kwa wote wanaohusika, na nikaubandika ukutani jikoni. Waraka ule ulikuwa umeandikwa vizuri na hadi leo sioni neno la kuongeza wala kupunguza. Watumishi wote waliusoma na wote wakaona kwamba hauwahusu. Mpishi aliusoma kwa sauti, akausifu, akasema ni vyema watu wa siku hizi wakumbushwe.

Msomaji atauliza kwa nini sikumwambia ana kwa ana. Nilikwenda. Nilikwenda zaidi ya mara moja. Lakini mpishi alikuwa na umri wa kuwa baba yangu, na mtu hawezi kuingia jikoni kwa mzee bila kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mkubwa. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Watoto wanakula?"

"Wanakula, mzee."

"Tumshukuru Mungu."

Baada ya hapo ningesema nini? Mtu uliyemwamkia shikamoo, akakuombea watoto wako, humletei sentensi ya pili yenye mawese ndani yake. Nilitoka jikoni kila mara nikiwa nimebarikiwa na sijatekeleza.

Makao Makuu, badala ya kunisaidia, walituma mkufunzi. Alishuka kwenye treni iliyochelewa, binti msomi, mwenye sanduku la chaki za rangi na moyo mwema, akaniita Mzee ingawa wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi zote. Alikuja kutufundisha jinsi taasisi inavyojifunza. Taasisi inayojifunza, alisema, hupata wageni. Isiyojifunza hufa. Njia yake ilikuwa moja: kila asubuhi, baada ya chai, watumishi wote wakutane kwenye veranda, na kila mmoja aseme kosa moja alilolifanya jana na alichojifunza. Hakuna kulaumiana na hakuna kumtaja mwenzako. Kila mtu abebe lake.

Siku ya kwanza tulikaa kimya hadi boti ya asubuhi ikapita yote, kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Kisha mlinzi akasimama. Alikuwa mtu mzima kutoka Mwamgongo, mvuvi aliyeachana na uvuvi, mpole, mwenye mabega ya kupasua kuni.

"Mimi," alisema, "jana nilizidisha mawese kwenye uji."

Mkufunzi aliangalia karatasi yake. "Wewe si mlinzi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliingiaje jikoni?"

Mlinzi alifikiri. "Hilo nalo ni kosa," alisema. "Niandikie mawili."

Mhudumu wa meza akafuata. Alisema chapati za maji za jana zilikuwa nyekundu kupita kiasi na kwamba kosa ni lake, atajirekebisha. Aliyefagia bustani akachukua mayai. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi na nilielewa mapema kilichokuwa kikitendeka. Sidai kwamba ni mila ya kabila lolote. Nasema ilikuwa mila ya nyumba yetu, na pengine ya nyumba nyingi. Mkubwa habebi kosa lake mbele ya watu. Akiwapo mdogo, mdogo hulichukua, kama anavyochukua kikapu mkononi mwa mzee njiani. Ungemwambia mlinzi yule kwamba anasema uongo angeshangaa. Alikuwa akisaidia kubeba.

Mpishi aliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, mikono juu ya fimbo yake. Walipomaliza alikohoa.

"Wanangu, binadamu hukosea," alisema. "Mimi nimewasamehe. Ila jihadharini na mafuta."

Mkufunzi aliniinamia sikioni. "Mzee, umemwona? Yule ndiye nguzo ya taasisi yako. Hana kosa hata moja, na bado hana kiburi."

Nilimweleza, kwa utulivu na kwa mpangilio, kwamba mlinzi hajawahi kushika mwiko tangu aajiriwe. Alinijibu kwamba tumekubaliana hakuna kumlaumu mtu, na kwamba inasikitisha kuona msimamizi akimpinga mtumishi anayekiri. Kisha akatoa agizo ambalo hadi leo likinijia huwa naweka chini kikombe cha chai. Kwa kuwa makosa mengi yalikuwa ya mapishi, na kwa kuwa mpishi peke yake hakuwa nayo, mpishi awafundishe wenzake wote.

Akawafundisha. Alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, asiyeficha. Mlinzi alijifunza mayai. Mtunza bustani alijifunza uji. Kufikia katikati ya juma, mpishi alipokwenda msikitini adhuhuri, jikoni hakukosekana mtu wa kutia mawese kwa niaba yake. Hapo kabla tulikuwa na mpishi mmoja wa aina ile. Sasa tulikuwa na idara. Siwezi kukanusha, kwa haki, kwamba taasisi ilikuwa imejifunza.

Wakati huohuo ulifika ujumbe kutoka shirika kubwa kuliko yote ya misaada mjini. Mkuu wao angekuja kwetu kunywa chai siku ya mwisho ya semina. Akiridhika, angechukua nyumba nzima kwa ajili ya watumishi wake, waliokuwa wakilala wengine kwenye magari. Asiporidhika, sikuhitaji kuambiwa. Mfanyabiashara wa dagaa alikuwa ameshapita na mtu wake kupima milango, na niliwasikia wakikubaliana kwamba chumba cha jaji kitafaa kwa chumvi.

Sasa lazima nimtambulishe mfuaji. Alikuwa Mzaramo, mke wa mtumishi wa reli aliyehamishiwa Kigoma, na alitufulia shuka na vitambaa vya meza kama kibarua. Hakuwamo kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi walioajiriwa, na kwa sababu hiyo sikumwalika kwenye semina, maana barua ya Makao Makuu ilisema watumishi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni zilizokuwapo, na ningeuchukua tena.

Asubuhi ya siku iliyotangulia ujio wa mkuu tulikuwa verandani kama kawaida. Mlinzi alikuwa amesimama akikiri chapati. Mara kikapu kikatangulia mlangoni, na nyuma ya kikapu mfuaji.

"Hodi, wasomi."

Hakungoja karibu. Alitua kikapu katikati yetu na kuvuta kitambaa cha meza, akakitandaza hewani. Kilikuwa na madoa mekundu kama ramani ya visiwa.

"Mnyamwezi," alisema.

Hakusema mzee, wala hakuamkia. Chaki ya mkufunzi ilianguka.

"Nipo, Mzaramo," mpishi alijibu, na kwa mara ya kwanza juma lile aliweka fimbo yake pembeni. "Nani kakuruhusu kuingia kwenye kikao cha watu?"

"Vitambaa ndivyo vilivyonituma. Nimevisugua kwa majivu, nimevisugua kwa ndimu, nimebaki kuvisomea dua. Hebu niambie. Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Ujiji mpaka kwetu pwani, kwa miguu, asidondoshe hata moja. Wewe kutoka jikoni mpaka mezani umeshamwaga mzigo."

"Na babu yangu alipofika kwenu mlimpokea na ngoma, mkasahau kumpa hata maji ya kunywa."

"Tungempa angeyatia mawese."

Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa kiganja, ikashindikana, akakaa chini.

"Kwenu mdundiko ukipita," mpishi aliendelea, naye macho yamechangamka, "mwanamke anaacha ubwabwa motoni, anaacha na mtoto kwenye karai, anafuata ngoma mpaka kijiji cha tatu. Ndiye wewe unanifundisha kupika?"

"Ubwabwa wetu unaungua, lakini mgeni anabaki. Wako hauungui, na mgeni anakimbia. Wanakula mayai yako wanasema asante, kisha wanahamia Buzebazeba. Huyu bwana mkubwa ameandika mawaraka mpaka wino umemkauka, anaogopa kukutaja. Huyu mlinzi kila siku anakiri uji, na hajui hata chumvi inakaa wapi. Watu wazima wote hapa wanakubebea mizigo, Mnyamwezi, utadhani si nyie mliozaliwa kwa kubeba."

Ziwa lilisikika likipiga mawe huko chini. Mpishi alimgeukia mlinzi taratibu.

"Kwa hiyo ule uji," alisema, "si wewe?"

"Hapana, mzee."

"Nami nilikuwa nikijiuliza. Nautia kijiko, unaonekana una viwili. Nikasema, huyu bwana anaingia saa ngapi?"

Hapo hata mama wa meza, ambaye sikuwahi kumwona akicheka tangu ndugu zake wavuke, aliweka uso kwenye aproni yake na mabega yakatikisika. Mfuaji hakungoja kicheko kiishe. Alikwenda jikoni, akarudi na dumu la mawese kichwani, lile kubwa, lililokuwa limetoka kununuliwa Simbo.

"Nimeteka," alitangaza.

Kwa wasiojua, mtani ana haki hiyo. Anaweza kukutolea maneno ambayo mwingine angeyalipa mahakamani, na anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Wazaramo na Wanyamwezi walijengeana utani huo njiani na bandarini tangu enzi za misafara, na haujafutwa na mamlaka yoyote.

"Nenda nalo, mwizi wewe," mpishi alisema. "Ila usije ukajipaka, mumeo akadhani ameoa tofali."

Mkufunzi alinivuta mkono.

"Mzee, amemtukana."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na amemwibia."

"Mchana kweupe."

"Na yeye anacheka?"

"Huo ni utani, mwalimu. Andika."

Aliandika kitu, lakini nilichungulia na nikaona ameandika "mtumishi mmoja wa muda alitoa mchango".

Siku ya mkuu wa shirika ilipambazuka safi. Mpishi, bila dumu lake, alikaanga mayai kwa siagi ya kopo niliyoitafuta mwenyewe mjini. Yalitoka meupe, yenye viini vya manjano ya unyenyekevu. Chapati za maji zilikuwa nyeupe kama shuka. Uji haukumtazama mtu. Nilivaa suti yangu ya sikukuu ya Uhuru nikasimama mlangoni, nikijiandaa kwa mzungu.

Alishuka mtu mweusi, mrefu, mpana, kutoka nchi mojawapo ya Afrika Magharibi, buti zake zikiwa na tope la kambini na macho yake yakiwa ya mtu asiyelala. Aliketi. Aliletewa sahani. Aliitazama sahani, akamtazama mama wa meza, akanitazama mimi. Alizungumza kwa Kiingereza cha upole ambacho hapa nakitafsiri kwa uaminifu.

"Hii ndiyo ile nyumba ya kilimani?"

Nilithibitisha kuwa ndiyo.

"Vijana wangu walilala hapa kisha wakahama. Wamenung'unika tangu hapo kwamba kuna nyumba inayokaanga mayai kwa mafuta mekundu ya mchikichi." Alisukuma sahani kidogo, kwa adabu kubwa. "Mama yangu alinilea kwa mayai hayo. Tangu niondoke kwetu nakula vya kopo. Jana nilipokea mashua mpaka jua likazama, nikajiambia, kesho angalau nitakula chakula cha nyumbani. Labda nimekosea nyumba. Nasikia kuna nyingine Buzebazeba."

Nilimwomba mheshimiwa avute subira, nikasema chakula kile kilikuwa cha utangulizi tu, nikatembea hadi jikoni kwa mwendo wa heshima, na nilipopita mlango nikakimbia.

Watumishi wote tulitokea uani kwa pamoja. Mfuaji alikuwa kwenye karai lake la kufulia. Alikuwa amekalia dumu.

"Linahitajika," nilisema.

"Lilitekwa," alisema. "Kilichotekwa hukombolewa."

"Kwa kitu gani?"

Alimnyooshea mpishi kidole chenye povu. "Aniamkie."

Mpishi alishika kiuno. "Mimi? Nikuamkie wewe? Nina wajukuu wa rika lako."

"Hao wajukuu hawana dumu."

Niliona wakati umefika wa mamlaka kutumika. Nilinyoosha koti, nikamwambia kwamba kwa cheo changu cha msimamizi wa kituo ninamwamuru kuachia mali ya serikali mara moja.

"Bwana mkubwa," alijibu, akiendelea kusugua, "mimi simo kwenye ikama."

Hakuna aliyecheka. Mama wa meza alikuwa amesimama mlangoni akiwa na ile sahani nyeupe, na alimtazama mpishi kama alivyonitazama mimi siku ya barua. Sijui mzee yule aliona nini katika uso ule. Najua tu kwamba alivua kofia yake, akasafisha koo na kuinamisha kichwa mbele ya karai la nguo chafu.

"Shikamoo, Mzaramo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Baba hajambo? Mnakula?"

"Tutakula ukiinuka hapo."

Aliinuka. Sijawahi kumwona mpishi akikimbia kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Mayai yalifika mezani yakiwa mekundu kama tofali jipya. Mkuu wa shirika alikula, akapangusa sahani kwa kipande cha chapati hadi maua yaliyochorwa chini yakaonekana, kisha akaomba aletewe mpishi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Lakini vijana wangu," alisema, "hawa hawatakula haya hata kidogo. Utafanyaje nao?"

Nilitafsiri. Mpishi alitazama sakafu. Kisha alitazama mlangoni, ambako mfuaji alikuwa amesimama mikono ikidondosha maji, tayari kuteka kitu kingine.

"Tutawauliza," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini.

Nyumba ilichukuliwa yote, na ikajaa hadi wakimbizi wengi waliporejea kwao na magari meupe yakaondoka, na hata baada ya hapo haikukosa wageni. Mfanyabiashara wa dagaa alipata ghala karibu na soko, ambako kwa maoni yangu ndiko lilikostahili kuwa tangu mwanzo. Mama wa meza aliendelea kupanga vijiko na kulisha watu wake hadi wakatawanyika kwa heri. Na kuanzia kesho yake, kwa agizo la mpishi mwenyewe, aliwainamia wageni kila asubuhi na kuwauliza: mayai mekundu au meupe?

Mkufunzi aliandika taarifa yake. Alieleza kwamba mafanikio yalitokana na watumishi kukiri makosa yao kwa uwazi, akamtaja mlinzi kwa namna ya pekee. Niliwaandikia Makao Makuu kusahihisha. Nilieleza kwamba katika kituo chetu hakuna aliyewahi kukiri kosa lake, kwamba kilichofanya kazi ni mtu mmoja mwenye haki ya kusema bila kuchukiwa, na nikapendekeza kianzishwe cheo cha Mtani wa Kituo katika kila nyumba ya wageni ya serikali, chenye mamlaka ya kuteka. Walijibu kwamba kada hiyo haimo kwenye muundo wa utumishi. Nililazimika kumwingiza mfuaji kwenye ikama kama mfuaji tu, wa daraja la chini, na siku aliposaini nilimkumbusha kwamba sasa anaweza kuamriwa.

"Nimesikia, bwana mkubwa," alisema. "Kwani wewe kabila gani?"

"Mpare."

Alinipima toka viatu hadi miwani. "Una bahati," alisema. "Nyie hatuna utani nanyi."

Majuzi nilipita pale kwa shughuli za pensheni yangu, nikaamua kulala. Wote niliowataja hawapo tena. Wengine wamestaafu, mpishi amezikwa Ujiji. Jikoni kuna jiko la gesi na ukutani hakuna waraka wowote. Asubuhi alinijia mhudumu wa kike ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo, akaniamkia, akainama kidogo, akauliza:

"Mekundu au meupe, mzee?"

Nilimwuliza kama anajua swali hilo limetoka wapi. Alisema hapo ndivyo wanavyouliza, alifundishwa na aliyemtangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia yeye. Nikaona ni wajibu wangu kumweleza. Nilianza na barua ya Makao Makuu, nikaendelea na waraka, nikafika kwenye treni iliyochelewa. Alisikiliza kwa adabu kamili, sinia la chai mkononi, hadi nilipotua kuvuta pumzi.

"Pole sana, mzee," alisema. "Mekundu au meupe?"

Nikasema mekundu.